Mkwezi Aliyepaza Redioni

Haya wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, nijibu hili: ana sauti lakini hana mdomo, amevuka mpaka lakini hana miguu, na ukimkata katikati hafi yeye, unalia wewe. Ni nani?

Usiseme upepo, kila mtu husema upepo. Mwanangu Easter alipokuwa na miaka sita alisema ni mbu. Nikamwambia mbu ukimkata anakufa na hakuna wa kumlilia. Akafikiri, akasema basi ni mbu wa watu wengine. Hapo nilishindwa mimi.

Jibu ni wimbo wa redioni. Ngoja nikueleze jinsi nilivyolia.

Mume wangu Kiponda alikuwa mkwezi wa minazi pale Gede. Kwetu mkwezi hapandi kimya. Mtu aliye juu ya mnazi huona ndani ya kila ua, na sehemu za kuogea siku hizo zilikuwa makuti pande nne, juu wazi. Kwa hiyo kabla hajaweka mguu kwenye shina, hupaza sauti, na mwanamke anayeoga hujifunika leso yake. Akimaliza kuangua na kushuka hupaza tena, wito mwingine, watu wajue kwamba macho yameondoka juu. Na kila mkwezi ana wito wake, kama vile kila mtu ana kikohozi chake.

Wa Kiponda wa kupanda ulikuwa mrefu. Ulianza chini kooni, ukapanda, ukapanda, halafu mwishoni ukavunjika mara mbili kama kwikwi. Wa kushuka ulikuwa mfupi, kama anaita mbuzi. Siku moja alisahau. Alishuka kimya akaenda zake kupiga gitaa, na mavyaa wangu, yaani mama yake mzazi, akakaa uani amejifunika hadi povu la sabuni likamkaukia mwilini. Alipotoka alimkimbiza na mchi mpaka barabarani. "Hujashuka mpaka useme umeshuka!" alimwambia. "Mimi nitajuaje?"

Gitaa ndilo lililomchukua. Mwaka wa sabini na nne, Easter ana siku arobaini, wanamuziki walipita wakielekea Dar es Salaam, wakamsikia, wakamwambia njoo. Alisema atarudi Krismasi. Barua zilikuja mbili. Kisha mwaka wa sabini na saba mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na sikupata tena hata karatasi. Nilibaki na mtoto, na mavyaa, na shati lake moja la mistari ambalo mavyaa alilikunja akaliweka chini ya mto wake.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa sabini na tisa nilikwenda dukani kwa Haridas kununua mafuta ya taa. Haridas alikuwa Mhindi wa Malindi, mzaliwa wa Malindi, aliyefungua duka Gede karibu na stendi, na redio yake ilikaa juu ya gunia la mchele tangu asubuhi hadi anapofunga. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na kitu alasiri, kipindi cha muziki wa nje. Redio ya taifa ilikuwa na kipindi hicho kila wiki: leo Zaire, leo Kuba, leo Tanzania, na watu walituma kadi za kuomba nyimbo. Ukapigwa wimbo wa bendi moja ya Dar es Salaam, jina lake Kisiwa Kipya, wimbo wenyewe unaitwa Sina Anwani. Waimbaji wakaimba, wakamaliza, magitaa yakachangamka. Unajua bendi hizo, magitaa yakichangamka wanamuziki huitana, hupiga mbinja, hutaja watu wao. Mara nikausikia. Ulianza chini, ukapanda, ukapanda, ukavunjika mara mbili.

Chupa ya mafuta ilinitoka mkononi. Haridas akaruka. "Mama Easter, unataka kutuchoma?"

"Mume wangu yumo humo," nilimwambia.

"Humo wapi?"

"Humo redioni."

Akaniangalia, akanisukumia kiti. Alidhani jua limenipata.

Nilipofika nyumbani nilisema. Mavyaa alikuwa anakuna nazi, akaendelea kukuna. Shemeji yangu Mwambire, mdogo wake Kiponda, ambaye alifanya kazi kwenye chumvi kule Marereni na alikuja nyumbani mwisho wa wiki akiwa na miguu iliyopasuka kama udongo wa kiangazi, alicheka. "Shemeji, wakwezi wote wanapaza. Umesikia mkwezi wa Tanga."

Jumamosi iliyofuata nilirudi dukani. Wimbo haukupigwa. Jumamosi nyingine ukapigwa, lakini magitaa yalipoanza tu, mtangazaji akashusha sauti ya wimbo na kuanza kusoma salamu. Ndiyo ilikuwa kazi yao, kukata. Wimbo wa dakika tisa unapewa dakika tatu, na mtu wangu alikuwa dakika ya saba. Miezi mitatu nilikwenda kila Jumamosi, na miezi mitatu alikatwa.

Ndipo akaja dereva wa lori kutoka Lunga Lunga, mpakani, na habari zake. Alisema amesikia kwamba mpiga gitaa mmoja wa Gede alikufa Tanga kwa homa, akazikwa huko huko. Jina hakulijua. Lakini wapiga gitaa wa Gede walikuwa wangapi?

Baba mkubwa Thoya, kaka yake marehemu mkwe wangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuja na wenzake wawili, wakaketi, wakasema. Miaka sita mtu haonekani, na sasa habari zimefika. Matanga yafanywe. Kwa kuwa maiti haipo, litazikwa shati lake. Na mjane atakaa na shemeji yake Mwambire, kama ilivyo desturi, asije akatangatanga na mtoto wa ukoo.

"Mimi si mjane," nilisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Umesikia sahani ya santuri," alisema Thoya. "Sahani inaimba hata mwimbaji akiwa ameoza. Hata hivyo tumuulize mwenye mwana." Akamgeukia mavyaa. "Mama Kiponda, wewe ndiwe uliyemzaa. Sema wewe. Mwanao yu hai?"

Mavyaa alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Mama Kiponda, nimekuuliza."

"Nimekusikia," alisema, akainuka na ungo wake akaingia ndani.

Thoya alisema kunyamaza nako ni kukubali. Matanga yakapangwa Jumapili ya pili kutoka siku ile.

Jioni ile nilimfuata mavyaa jikoni. Nilimlilia, nikamwambia, mama, neno lako moja tu lingetosha. Hakunikasirikia. Alisema, "Kabibi, mwanangu akiwa amekufa, basi hakunisahau. Aliondoka ananipenda akafa ananipenda. Akiwa hai, niambie wewe, akiwa hai ni nini?"

Na mimi napenda vitendawili, lakini kile sikukitaka.

Nilisoma mpaka darasa la nne, barua naijua. Kesho yake nilinunua kadi kwa Haridas, nikaandika juu ya kaunta yake: "Mpendwa mtangazaji, mimi ni Kabibi wa Kiponda, Gede. Naomba wimbo Sina Anwani wa Kisiwa Kipya. Nakuomba sana usiukate kwenye magitaa. Humo ndani mna mtu wangu." Haridas aliisoma mara mbili. Hakucheka siku hiyo. Alibandika stempu mwenyewe.

Nilikuwa nimetulia kidogo, nikihesabu: Jumamosi mbili zimo kabla ya matanga, moja itanifaa. Ya kwanza kadi haikusomwa. Na katikati ya wiki redio yenyewe ikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu nyimbo za nje zitapunguzwa, nafasi wapewe wanamuziki wa nchini. Kipindi cha Jumamosi hiyo ndicho kitakuwa cha mwisho.

"Safi kabisa," alisema Thoya, niliyemkuta dukani akinunua ugoro. "Mimi na mvi zangu ni mara ngapi nimesikia mwanzele, ngoma yetu wenyewe, redioni? Redio ni yetu, na inatuimbia Kizaire."

"Pigeni mwanzele, Mzee Thoya, nani amekataa?" alisema Haridas. "Hata mimi ninaipenda, harusi zenu zote nimealikwa. Lakini mama yangu Chanchalben ana nyimbo zake za Kihindi hapo redioni, saa moja kwa wiki. Amezaliwa Malindi, na akifa atachomwa Malindi. Nyimbo zake ni za nje? Za nje ya wapi?"

"Mambo ya wakubwa hayo, usiniulize mimi."

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye umesema safi."

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nilipiga goti. "Baba mkubwa, shikamoo. Kesho kutwa ni Jumamosi. Njoo usikilize nami. Nyote njooni. Mkimsikia akipaza, msizike shati. Msipomsikia, Jumapili nitajifunga kaniki ya mjane na sitatoa neno tena, na Mwambire nitampikia."

Thoya alivuta ugoro akapiga chafya. Alisema, "Neno lako hilo?"

"Neno langu."

Haridas aliniangalia kama mtu anayeona mwenzake akipita juu ya kamba.

Jumamosi ilifika. Nyumbani walikuwa wameshaleta magunia mawili ya mahindi na mbuzi wa matanga amefungwa nyuma ya jiko, analia tangu alfajiri. Nilimwacha Easter kwa jirani. Saa tisa kasoro tulikuwa dukani: Thoya ameketi kwenye kiti, sikio lake zima ameligeuza upande wa redio, kwa maana la kushoto lilikufa zamani. Mwambire ameegemea mlango. Mimi nimesimama. Mavyaa sikumwona, nikajua hakutaka kuja.

Kipindi kikaanza. Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri, laini, lakini siku hiyo alisikika hana hamu ya mzaha. Akapiga wa Zaire, akaukata. Akapiga wa Kuba, akaukata. Akasoma kadi: ya Kakamega, ya Nakuru, ya Lamu. Kila alipochukua kadi nilisogea mbele, na kila alipotaja mji wa watu wengine nilirudi nyuma. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Saa kumi kamili ni taarifa ya habari, na taarifa ya habari haisubiri mtu.

"Shemeji," alisema Mwambire, "samaki napenda wa kupaka. Nakwambia mapema."

"Mwambire, funga mdomo wako," alisema Haridas.

"Wewe si wa ukoo."

"Redio ni ya ukoo wangu."

Saa kumi kasoro dakika kumi na moja, mtangazaji akasema, "Nina kadi hapa ya Gede." Nilishika kaunta. Aliisoma yote, neno kwa neno, hata lile la usiukate. Alipofika "humo ndani mna mtu wangu" akakaa kimya kidogo, nikadhani betri zimekwisha. Halafu akasema, "Haya, Kabibi," na sindano ikashuka.

Sina Anwani ukaanza. Waimbaji waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio. Sijui walisema nini, nilikuwa nahesabu dakika kwa saa ya ukutani ya Haridas. Kisha, na sikudanganyi, sauti ikaanza kupungua. Si mtangazaji. Ni redio. Betri zilikuwa zimechoka, Haridas alizianika juani wiki nzima badala ya kutia mpya, na sasa magitaa yalisikika kama yanapigwa ndani ya chupa.

Haridas akanyakua betri mpya rafuni. "Natia hizi, dakika moja tu!"

"Usiguse!" nilipiga kelele. "Ukiifungua atapita!"

"Hatutasikia kitu, Mama Easter!"

"Atapita na wewe unafungua! Usiguse!"

Alibaki na betri nne mkononi. Magitaa yakachangamka. Na hapo hapo mtangazaji akashusha wimbo. Alianza, kama walivyoanza siku zote, "Na kwa hivyo wasikilizaji wangu, saa inatukaribia, kwa kipindi hiki cha mwisho ninawaaga..."

"Nyamaza wewe!" Haridas aliigombeza redio. "Nyamaza, mbwa wee!"

Nililia. Ndiko kulia nilikokwambia. Sikulia kwa sauti, machozi yalinitoka tu, na mbuzi wa matanga nilimsikia kichwani.

Mtangazaji akakatiza maneno yake mwenyewe. "La," akasema. "Nimeombwa." Na magitaa yakapanda tena.

Lakini kupanda kwenyewe kulikuwa kwa betri mfu. Thoya aliinama kwenye kiti, kiganja sikioni. "Mnasikia? Mimi sisikii." Mwambire alitoka mlangoni akasogea, akasimama nyuma yangu. Ndipo magunia ya nyuma yakasogea. Akatoka mavyaa.

Alikuwa amekaa pale tangu kabla hatujafika, nyuma ya mchele, kwenye debe lililopinduliwa. Haridas hakushangaa kumwona. Alishusha macho akasema taratibu, "Huja kila Jumamosi, Mama Easter. Huingilia mlango wa uani. Aliniambia nisikwambie."

Miezi mitatu. Mimi mbele ya gunia, yeye nyuma yake.

Mavyaa hakututazama. Aliishika redio kwa mikono miwili, akaiinua kutoka juu ya gunia, akaikumbatia, sikio limegandana na matundu ya spika kama anasikiliza tumbo la mja mzito. Mimi nilibaki hatua mbili, na nilisikia gitaa tu, jembamba, kama uzi. Kisha kitu kikapita juu ya gitaa. Kilipanda. Naapa kilipanda. Kama kilivunjika mwishoni, sikukisikia kikivunjika, kwa sababu redio ilikohoa, ikakwaruza, ikanyamaza kabisa.

Haridas alitia zile betri mpya. Ilipofunguka tena ilikuwa ni taarifa ya habari, mtu anasoma bei ya pamba.

"Mimi sikusikia," alisema Thoya. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametoka jasho. "Kusema kweli sikusikia kitu. Mwambire?"

Mwambire alitazama miguu yake iliyopasuka. Angeweza kusema hapana, na mambo yangekwisha. "Nimesikia mtu," alisema. "Ni nani, siwezi kula kiapo."

"Kabibi hatumuulizi, yeye amesikia tangu mwaka jana." Thoya akainuka, akajishika kiuno. Aliongea kwa heshima, kama mtu anayeuliza mlangoni kwa wenyewe. "Mama Kiponda. Nilikuuliza nyumbani hukunijibu. Kesho mbuzi anachinjwa na shati linaingia shimoni. Redio ilikuwa kifuani mwako, si mwetu. Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu haipo. Mwanao yu hai?"

Mavyaa aliiweka redio juu ya gunia. Aliifuta vumbi kwa ncha ya leso, akaisogeza ikae sawa. Mtu wa habari aliendelea na pamba yake. Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Malindi. Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu, maana nilijua ninachomwomba: nilikuwa namwomba amchukue mtoto ambaye hakumsahau, amzike yeye, na ampokee yule wa pili, aliye hai na amesahau.

Akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na lile shati la mistari, limekunjwa dogo kama kitambaa cha mkono. Alilitia mikononi mwangu.

"Ni yeye," alimwambia Thoya. "Nilimjua tangu siku Kabibi aliponieleza, nikamkataa kwa hasira zangu. Yu hai, amepaza wa kupanda, na wa kushuka bado hajapaza. Mfungue mbuzi wa watu."